Mtoto Si Sababu

Kuna sentensi ambayo nimeisikia saluni, nimeisikia kwenye chama, nimeisikia matangani watu wakimenya viazi nyuma ya nyumba: "Mimi nakaa tu kwa sababu ya watoto." Husemwa kwa sauti ya chini. Anayeisema hupewa pole na heshima kwa pamoja, na hakuna anayethubutu kumuuliza swali la pili. Kaa mwaka mmoja, utamsikia mtu yule yule, au jirani yake, akisema kinyume: "Nilitoka kwa sababu ya watoto." Naye pia hupewa pole na heshima.

Nimejiuliza sana inawezekanaje sababu moja kubeba maamuzi mawili yanayopingana, na sisi sote tukaitikia kwa kichwa mara zote mbili. Jibu nililofikia si tamu: mtoto ni sababu nzuri kwa kuwa hapingi. Hayuko kwenye kikao. Hawezi kusema, "Ngoja kwanza, mimi sijawahi kuomba hivyo." Jina lake hutajwa, kikao hunyamaza, na mtu mzima anaondoka bila kueleza anachokitaka yeye mwenyewe.

Swali langu basi ni hili: je, ni haki mzazi amfanye mtoto kuwa sababu ya ndoa yake kuendelea, au sababu ya ndoa yake kuvunjika? Siulizi kama watoto wafikiriwe. Lazima wafikiriwe, hilo halina mjadala. Nauliza kama ni haki wabebeshwe uamuzi ambao si wao walioufanya.

Naliuliza nikiwa katikati. Wazazi wangu waliachana nikiwa darasa la tano. Sasa nimefika umri ambao marafiki zangu ndio wanaoachana, wengine hata kabla ya kuoana rasmi, na watoto wao wananiita anko. Kwa hivyo nawajua watu wa pande zote mbili za hii hadithi, na ninawapenda wote.

*

Wengi wetu tulikutana na swali hili darasani kabla hatujalielewa. A Doll's House ya Henrik Ibsen iliwahi kuwa kitabu teule cha KCSE, na kila darasa lilikuwa na ule mjadala: Nora alifanya vizuri ama vibaya kufunga mlango na kuwaacha watoto watatu? Upande mmoja wa darasa ulisema amejikomboa. Upande mwingine ulisema, mwanamke gani huyo anaacha watoto wamelala.

Kitu ambacho hatukuambiwa ni kwamba tamthilia hiyo ina mwisho mwingine. Ilitoka mwaka 1879. Ilipokaribia kuchezwa Ujerumani mwaka uliofuata, mwigizaji mkuu alikataa kuicheza ilivyoandikwa, kwa hoja kwamba yeye asingewaacha watoto wake. Ibsen alijua kwamba asipoandika mwisho mpya yeye mwenyewe, mtu mwingine angeuandika, kwa kuwa sheria ya wakati huo haikumlinda. Basi akauandika. Katika mwisho huo mume anamvuta Nora hadi kwenye mlango wa chumba cha watoto, anawaona wamelala, nguvu zinamwisha, anaanguka chini. Haondoki. Pazia linafungwa. Ibsen mwenyewe aliuchukia mwisho huo na alisema wazi kwamba ni unyama aliotendewa mchezo wake.

Mimi huurudia ule mwisho wa pili akilini kuliko wa kwanza, kwa sababu ndio mwisho wa nyumba nyingi ninazozijua. Mtazame huyo mume anavyofanya. Hamwambii mkewe, "Nimekosa, tuzungumze." Hamwambii, "Nakupenda, baki." Anamwonyesha watoto. Yaani anatumia watoto waliolala kama kufuli. Na pazia likifungwa hatuoni kesho yake asubuhi: wale wawili wakinywa chai meza moja, hakuna lililotatuliwa, na watoto watatu wamekaa hapo wasijue kwamba tangu usiku wa jana wao ndio wanaoishikilia nyumba isianguke.

*

Mtoto anayeishikilia nyumba huwa anajua, hata asipoambiwa. Na mara nyingi huambiwa.

"Unafikiri ningekuwa hapa kama si nyinyi?" "Nimeteseka na baba yako miaka kumi na minne ili wewe usome." Ni maneno ya uchungu wa kweli, na sitaki kuyadharau. Mama anayeyasema hajadanganya: ameteseka kweli. Lakini yakishatamkwa, kitu kimehama. Mateso yaliyokuwa ya watu wazima wawili yamekuwa deni, na mdaiwa ni mtoto wa miaka tisa. Atalipa kwa nini? Kwa alama za juu. Kwa kutolia. Kwa kuwa mzuri kupita kiasi. Na akifeli mtihani, hajafeli hesabu tu, amepoteza miaka kumi na minne ya mtu.

Upande wa pili deni liko pia. "Nilimwacha baba yako kwa sababu yako." Hapo mtoto anajifunza kwamba aliwavunja. Watoto wadogo wana tabia ya kujiweka katikati ya kila jambo. Mvua ikinyesha siku ya sherehe yao wanaona wamekosea mahali. Huyo ndiye tunayemkabidhi habari kwamba nyumba imegawanyika kwa ajili yake, halafu tunashangaa anakojoa kitandani akiwa darasa la pili.

Kiswahili chenyewe kina onyo kuhusu jambo hili, ukikisikiliza vizuri. Watu wazima wawili "wanaachana." Ile -na ya mwisho inaonyesha kwamba wote wawili wanatenda, hata kama mmoja ametenda zaidi. Lakini mtoto haachani na mtu. Tunasema mama "ameachiwa watoto," na tunapolisema hilo watoto wanasikika kama mzigo uliosahaulika stejini. Talaka, kwa maana yake ya asili, ni kufunguliwa kwa fungo lililowafunga mume na mke. Hatuna neno la kumpa mtoto talaka. Nadhani hatukulihitaji kwa sababu kitu hicho hakipo. Baba Brian akioa tena mara tatu, mtaani atabaki Baba Brian.

*

Sasa, mtu atanipinga hapa, na ana haki. Atasema: wewe unacheza na maneno. Talaka inaumiza watoto, hilo linajulikana. Kama mzazi anajua kuondoka kwake kutamuumiza mtoto, kwa nini asikae, na kwa nini asiseme ukweli kwamba amekaa kwa ajili ya mtoto?

Hoja hii ni nzito, na jibu lake linataka uangalifu. Mwaka 1997 wanasosholojia wawili wa Marekani, Paul Amato na Alan Booth, walitoa kitabu kilichotokana na kufuatilia familia tangu mwaka 1980. Walikuta kitu ambacho hakimfurahishi mtu wa upande wowote. Watoto waliotoka kwenye nyumba zenye ugomvi mkali walikuwa na hali nzuri zaidi wazazi wao walipoachana kuliko walipoendelea kukaa pamoja. Lakini watoto wa nyumba zenye ugomvi mdogo, ambapo wazazi walikuwa wamechokana tu, wao waliumia zaidi na talaka kuliko kama ndoa ingeendelea. Na si vigumu kuelewa kwa nini. Mtoto wa nyumba ya vita anapata utulivu. Mtoto wa nyumba tulivu anaamka siku moja anaambiwa kila kitu kimeisha, na hakuwahi kuona dalili hata moja.

Hiyo ni Marekani, si Kayole wala Kisauni. Wao hawana shosho wa kuwachukua watoto ushago likizo ya Agosti, wala hawana ukoo unaokuja na makoti kujadili. Lakini funzo moja nalichukua: swali la "kukaa au kutoka" peke yake halitoshi kutuambia mtoto ataumia kiasi gani. Linalosema zaidi ni ugomvi. Ulikuwa mkali kiasi gani, ulipiganwa wapi, mtoto alikuwa amesimama wapi, na je, talaka iliumaliza au iliuhamisha tu hadi mahakamani, kwenye simu na kwenye geti la shule?

Kwa hivyo mzazi anayekaa ndani ya ndoa iliyopoa, akaamua kuitunza, sina ugomvi naye. Nampa hongera. Ninachomwomba ni kwamba akae kwa jina lake mwenyewe. Aseme, "Nimeamua kukaa. Nimepima, na hiki ndicho ninachokitaka, pamoja na uzito wake." Watoto wake wanaweza kuwa kitu kikubwa kuliko vyote katika mizani yake. Lakini mkono unaoshika mizani ni wake. Kumfikiria mtoto ni wajibu wa mzazi. Kumfanya mtoto kuwa sababu ni kuukimbia wajibu huo huo.

Na kuna nyumba ambazo mjadala huu hauzihusu. Pale penye kipigo, penye vitisho, penye mtoto anayelala na viatu ili akimbie usiku, "vumilia kwa sababu ya watoto" ni ushauri wa hatari, hata ukitolewa na shangazi mwenye nia njema au mchungaji mwenye Biblia mkononi. Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya unyanyasaji wa nyumbani, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Katika nyumba kama hizo usalama huja kwanza, na kikao cha wazee kije baadaye, kama kitakuja kabisa. Huwezi kumkalisha mtu meza moja na anayempiga halafu ukayaita watakayoandikiana makubaliano.

*

Wazazi wangu walipoachana, kulikuwa na kikao. Mjomba mmoja, mtu mpole sana, aliniita sebuleni mbele ya watu kama kumi, akaniwekea mkono begani, akaniuliza: "Sasa wewe unataka kukaa na nani?"

Nina hakika alidhani ananiheshimu. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mama alikuwa upande wa dirisha, baba karibu na TV. Nakumbuka niliangalia soli za viatu vyangu, na nakumbuka kimya kile kilikuwa kirefu. Nilichojibu si muhimu. Muhimu ni kwamba jibu lolote lile lingekuwa usaliti, na kila mtu sebuleni alilijua hilo isipokuwa mjomba.

Tangu hapo nimejifunza kutenganisha vitu viwili ambavyo familia nyingi huvichanganya: kumsikiliza mtoto na kumfanya mtoto hakimu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Sheria yetu ya Watoto ya mwaka 2022 inasema vivyo hivyo. Zingatia maneno yenyewe: maoni, uzito, umri. Hakuna mahali panaposema mtoto ndiye aamue kesi.

Tofauti hiyo iko kwenye swali. "Unataka kukaa na nani?" ni swali la hukumu. Maswali ya kusikiliza ni mengine. Ni nini kinakupa wasiwasi? Ungependa kubaki shule gani? Ni mambo gani mnayafanya na baba ambayo ungesikitika yakiisha? Unalala saa ngapi ukiwa kwa mama? Na yasiulizwe sebuleni mbele ya watu kumi. Yaulizwe pembeni, na mtu asiyehitaji jibu fulani. Mtoto anaweza kuyajibu maswali hayo yote kwa ukweli bila kumsaliti mtu. Halafu watu wazima ndio wafanye kazi ngumu ya kugeuza majibu hayo kuwa mpango.

*

Kitabu teule kingine ambacho wengi tulisoma ni The Caucasian Chalk Circle cha Bertolt Brecht. Wanawake wawili wanamgombania mtoto: mama aliyemzaa akamkimbia wakati wa vita, na kijakazi Grusha aliyembeba milimani na kumlea. Hakimu Azdak anaagiza duara lichorwe kwa chaki na mtoto awekwe katikati, anawaambia kila mmoja amshike mkono avute. Grusha anaachilia. Wanarudia, anaachilia tena, kwa sababu hawezi kumrarua. Azdak anampa mtoto. Ni ndugu wa ile hadithi ya Mfalme Suleimani na upanga, ambayo Wakristo na wasio Wakristo tumeisikia tangu tukiwa wadogo.

Ni hadithi nzuri, lakini nina shida nayo ninapoitoa jukwaani na kuipeleka Milimani au Tononoka. Kwenye hadithi, anayeachilia anapewa mtoto. Kwetu, anayeachilia anaambiwa ametupa mtoto. Mama aliyekubali watoto wakae na baba yao kwa kuwa shule iko karibu na nyumba ya baba, nyuma ya mgongo wake anaitwa mama wa aina gani. Baba aliyekubali watoto wabaki na mama anaambiwa amekaliwa. Kwa hivyo hakuna anayeachilia. Wote wanavuta, na kila mmoja anavuta akiwa na uhakika kwamba yeye ndiye Grusha.

Na siku hizi kuvuta hakuhitaji mikono. Kuna kuvuta kwa pesa: "Sitatuma chochote mpaka nimwone mtoto." Kuna kuvuta kwa kujibu: "Hutamwona mtoto mpaka utume." Kuna kumtuma mtoto kama posta: "Mwambie baba yako viatu vimeisha." Kuna kumfanya askari kanzu: "Kwani huko mnakula nini? Kuna mtu huwa anakuja usiku?" Kuna kuvuta kwa zawadi, mzazi wa wikendi na pizza, dhidi ya mzazi wa Jumatatu na homuweki. Kuna kuvuta kwa kimya, pale mtoto akisema jina la baba na meza nzima inapoa.

Hasa lile la pesa na kuonana nataka kulisema wazi, maana ndipo watu wa rika langu wanapokosea sana. Matunzo si tiketi ya kumwona mtoto. Na kumwona mtoto si risiti ya matunzo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa mtoto haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi wake, na kinasema wajibu wa baba na mama ni sawa, wawe wameoana au la. Soma tena hapo mwisho: wawe wameoana au la. Wale wanaosema "hatukuwa hata tumeoana" hawajaondoka kwenye kifungu hicho. Na kifungu hicho hicho kinaendelea kusema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo ya kwanza. Haki zote mbili, ya kutunzwa na ya kuwajua wazazi wake, ni zake mtoto. Ukizuia pesa ili umwadhibu mama, umeiba kwa mtoto. Ukimzuia mtoto ili umwadhibu baba asiyetuma, umeiba kwa mtoto yule yule mara ya pili.

*

Kuna kitu kimoja kwenye mila zetu ambacho naona kinatukwamisha, na kimejificha ndani ya neno. Tunasema wazee wamekuja "kupatanisha." Na wakija, lengo ni moja: warudiane. Mke arudishwe nyumbani, mume aonywe, mbuzi achinjwe, picha ipigwe. Wakikataa kurudiana, kikao kimeshindwa. Wazee wanachukua makoti yao, kila ukoo unaenda zake, na hakuna hata mmoja aliyekaa dakika kumi kuuliza: sawa, hawa watoto watakula wapi Jumatatu?

Lakini kupatana si kurudiana. Watu wawili wanaweza kuwa hawatarudiana mpaka kiama, na bado wakapatana kuhusu karo. Naona hapo ndipo tulipoteza kitu cha maana. Tulikuwa na vikao, tulikuwa na watu wa kuaminika, tulikuwa na subira ya kukaa chini ya mti siku nzima. Tulivitumia vyote kuokoa ndoa, na ndoa isipookoka tukavipeleka nyumbani, badala ya kuvitumia kumwokoa mtoto.

Mfano wa kutumia vikao upo, na si wa kigeni. Qurani, katika Sura ya Nisaa aya ya 35, inaelekeza kwamba panapohofiwa mfarakano, ateuliwe mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mmoja kutoka jamaa za mke. Kila upande una mtu wake mezani, na hakuna upande unaojihukumia peke yake. Waislamu wa Pwani na Eastleigh wanaujua utaratibu huu kabla ya jambo kufika kwa Kadhi. Katiba nayo, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zikuze njia nyingine za kusuluhisha migogoro, zikiwemo upatanishi na njia za kijadi, ilimradi zisivunje haki za mtu. Na tangu mwaka 2016 Mahakama imekuwa na mpango wake wa upatanishi, ulioanzia Milimani kwenye kesi za familia na za biashara: faili inatoka kwa jaji inaenda kwa mpatanishi, watu wanakaa, na wakikubaliana, makubaliano yao yanarudi na kuwa na nguvu ya amri ya mahakama. Hata kabla ya kufika huko, kuna afisa wa watoto katika kaunti ndogo yako anayeweza kuwakalisha nyinyi wawili mkaandika nani atabeba nini.

Makubaliano mazuri yanachosha kusoma. Yanasema karo inalipwa na nani na tarehe ngapi. Mtoto akiugua saa nane usiku, nani anapigiwa. Krismasi ni ya nani mwaka huu, Idd ni ya nani mwaka ujao. Atasafiri kwa shosho yupi Agosti. Mpenzi mpya ataonyeshwa mtoto lini. Nani anaweza kumchukua shuleni, kwa majina. Hakuna neno hata moja kuhusu nani alimkosea nani mwaka 2019, kwa sababu kesi hiyo ni yenu, na mtoto hahitaji ushindi wake.

Nawajua wawili ambao hawapendani hata kidogo. Hawajifanyi. Kila Jumapili jioni wanakutana kwenye kituo cha mafuta kilicho katikati ya nyumba zao, Thika Road. Mmoja anafika na mtoto na begi. Wanazungumza dakika tatu: amekula, ana kikohozi, dawa iko mfuko wa mbele, kesho ni siku ya kuogelea. Kisha kila mtu anaenda. Nilimwuliza yule rafiki yangu kama haimuumi. Akaniambia inamuuma kila Jumapili, lakini hilo ni lake, ana watu wazima wa kuambia. Mtoto ameshawaona wazazi wake wakisalimiana mara nyingi kiasi kwamba haoni cha ajabu.

*

Basi mtoto aambiwe nini siku ikifika? Aambiwe ukweli mfupi unaomtosha, na ikiwezekana aambiwe na wote wawili wakiwa wamekaa pamoja, mara ya mwisho kama ni lazima iwe ya mwisho. Kwamba baba na mama hawataishi tena nyumba moja. Kwamba ni sisi tulioamua, si wewe, na hakuna ulichofanya wala ambacho ungeweza kufanya. Kwamba utalala hapa siku hizi na pale siku zile, na shule yako ni ile ile. Halafu aruhusiwe kukasirika bila kuambiwa awe mkubwa.

Mzazi atakayeamua kukaa naye ana lake la kusema, ingawa halihitaji kikao. Lake ni kunyamaza mahali fulani. Siku mtoto atakapoleta ripoti mbaya, siku atakapojibu kwa jeuri, siku mzazi atakapokuwa amechoka na ndoa imemkaa kooni, ajizuie kutoa ile sentensi ya "kama si nyinyi." Akamwambie dada yake. Akamwambie mshauri, imamu, au rafiki wa saluni. Huyo aliyeshika kadi ya ripoti alizaliwa bila kuulizwa, na hakumwomba mtu yeyote avumilie.